Kutoka Likoni hadi Bagamoyo: wiki ya kwanza ya mwanafunzi mgeni

Njia hii ni ya mwanafunzi anayetoka Mombasa kwenda kusoma sanaa Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa na ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Anayetoka Kampala, Bukavu au Nairobi ataikuta sehemu kubwa ya wiki yake humu pia, hasa kuanzia Jumatatu. Shida nyingi za wiki ya kwanza huja kwa sababu mambo yamefanywa nje ya zamu yake. Laini ya simu inataka pasipoti yenye mhuri, benki inataka barua, barua inataka uwe na mahali unapoishi, na kibali kinataka karatasi zote hizo. Ukiruka hatua moja, utarudishwa nyuma hatua mbili.

Jumamosi: Mombasa, Horohoro, Tanga

Anza safari Jumamosi alfajiri. Anayetoka Jumapili hufika usiku akiwa hoi, na Jumatatu asubuhi anasimama mbele ya ofisi ya usajili hajui hata begi lenye vyeti liko wapi.

Vyeti visikae kwenye buti la basi. Weka kwenye mkoba wa begani pasipoti, barua ya kukubaliwa chuoni na nakala zake tatu, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, picha nane za pasipoti na kile kitabu cha njano cha chanjo. Chanjo ya homa ya manjano huwakwamisha wengi: cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechomwa Alhamisi ili avuke Jumamosi bado hana cheti halali. Ukishachanjwa mara moja inatosha maisha yako yote, basi kitunze hicho kitabu kama unavyotunza pasipoti.

Ukivuka feri ya Likoni barabara ni moja, Ukunda, Msambweni, hadi Lunga Lunga. Matatu hukushusha mpakani na kuondoka zake. Mwenye mizigo apande basi linalovuka hadi Tanga, kwa sababu dereva wake husubiri abiria wote wamalize kugongewa mihuri.

Mpaka huu ni kituo cha pamoja. Anayetoka Kenya huhudumiwa upande wa Tanzania, Horohoro, dirisha la Kenya la kutokea na dirisha la Tanzania la kuingilia, chini ya paa moja. Afisa akiuliza unakwenda wapi, jibu lililonyooka ndilo bora: "Nakwenda Bagamoyo, chuoni," na barua iwe tayari mkononi. Usiseme unakwenda kutembea tu. Maneno hayo yakishaandikwa, wiki ijayo utakuwa mtalii anayeomba kibali cha masomo, na maswali yataanza upya.

Kabla hujaondoka dirishani, soma mhuri. Angalia tarehe, na angalia siku ulizopewa. Ukiona kosa lisemee hapo hapo, maana kulirekebisha ukiwa Bagamoyo ni safari nyingine. Piga picha ukurasa huo na uutume kwa mtu wa nyumbani.

Badilisha fedha benki au kwenye duka rasmi la fedha, kiasi cha kula, kulala na nauli za siku mbili. Wale vijana wanaozunguka na vitita mkononi waache wapite. Noti kubwa ya Tanzania ni ya 10,000, kwa hiyo kitita huonekana kinono, na mgeni huona haya kuhesabu mbele za watu. Na kama una mifuko ya plastiki, iache upande wa pili, kwani imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019.

Horohoro hadi Tanga mjini ni kilomita kama 65 za lami. Lala karibu na stendi ya Kange, sio katikati ya mji, ili asubuhi usihangaike na bajaji gizani. Tiketi ya kesho inunue jioni hiyo dirishani kwa kampuni yenyewe, uipite kelele ya wapiga debe, na uliza jambo moja kabla ya kutoa pesa: basi linapita Msata na Bagamoyo, au linapita Chalinze na Kibaha? Yote mawili yameandikwa Dar es Salaam kwenye kioo cha mbele.

Jumapili: Tanga, Msata, Bagamoyo

Muheza kuna machungwa, nunua. Baada ya Segera utapita Kabuku na Mkata, kisha daraja la Wami. Ukifika Msata njia zinagawanyika: moja kwa moja ni Chalinze, kushoto ni kilomita 64 za kwenda Bagamoyo, na mbele utavuka mto Ruvu kabla ya kuingia mjini. Kama basi lako halikati kushoto, shuka Msata na utafute gari dogo la Bagamoyo, lakini uwe umefika hapo kabla ya saa tisa alasiri. Jioni magari hupungua, na kusubiri barabarani na mabegi si jambo la kumtakia mtu.

Kwenye ramani kuna njia ya pwani, Pangani, Saadani, Bagamoyo, na inaonekana fupi. Kwa mtu mwenye mizigo na miadi ya Jumatatu, siishauri.

Anayekuja kwa ndege hushukia Dar es Salaam na kwenda stendi ya Makumbusho. Daladala za Bagamoyo hupakia hapo, zinapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Begi kubwa huenda likalipiwa siti yake, kwa hiyo elewana na konda mapema.

Ukishuka Bagamoyo chukua bajaji badala ya bodaboda, na taja bei kabla hujakaa. Gesti lipia usiku tatu tu. Kuna anayelipia mwezi mzima kwa sababu ya uchovu, halafu Jumanne anapata chumba kizuri na pesa imeshaliwa. Mapokezi watakuomba pasipoti waandike kwenye daftari la wageni, hilo ni la kawaida. Waandike na wakurudishie papo hapo. Kabla ya kulala fungua chandarua na ukikague kwenye mwanga. Tundu la ukubwa wa kifungo cha shati linatosha kuwaingiza mbu wa usiku mzima.

Jumatatu: chuoni, kisha laini

Fika ofisi ya usajili saa mbili asubuhi. Salimia kwanza, shikamoo kwa mkubwa wako, habari za asubuhi kwa wa rika lako, ndipo useme shida yako. Bagamoyo salamu haikatizwi, na mtu aliyesalimiwa vizuri hukuelekeza mpaka mlango wa pili.

Omba mambo matatu. La kwanza ni barua ya utambulisho yenye mhuri wa chuo, na uombe nakala mbili za asili, maana benki itabaki na moja. La pili ni namba ya malipo ya ada. Malipo ya taasisi za serikali hupitia kontroli namba yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, na ina tarehe ya kuisha. Unalipa benki au kwa simu, unabaki na stakabadhi. Mtu yeyote akikwambia umpe ada mkononi akakulipie, hata kama amevaa kitambulisho shingoni, mshukuru na uende benki mwenyewe. La tatu ni vyeti. Matokeo ya mtihani wa nchi nyingine hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Kama hukuyashughulikia hayo kabla ya kuja, yaanze leo.

Mchana nenda duka la kampuni ya simu. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na wakala wa chini ya mwavuli mara nyingi ana mashine ya kusajili wenye namba ya NIDA tu, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Kuna wanaokwambia watakusajilia kwa kitambulisho chao. Ukikubali, siku laini ikifungwa au simu ikipotea, mwenye laini ni yeye, na pesa iliyomo iko kwa jina lake. Usikubali hata kwa siku moja.

Fungua na akaunti ya pesa za simu hapo hapo. Aliye na M-Pesa ya Safaricom anaweza kutumiwa kutoka Kenya moja kwa moja kwenda M-Pesa ya Vodacom Tanzania. Jaribu kwanza na kiasi kidogo, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, kisha mzazi atume kilichobaki.

Jumanne: chumba

Siku hii ipe muda wote. Bweni likiwa na nafasi, lichukue kwa muhula wa kwanza hata kama umezoea kukaa peke yako. Likiwa limejaa, tafuta kwenye kata za Dunda, Magomeni au Nianjema, na uzingatie njia ya kurudi usiku baada ya mazoezi kuliko rangi ya kuta.

Dalali hudai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na wengine hudai pesa ya kukuonyesha tu. Njia rahisi ni kuuliza wanafunzi wa mwaka wa pili na mama anayeuza vitumbua karibu na lango, kwa sababu yeye anajua nani amehama wiki iliyopita. Mwenye nyumba huomba kodi ya miezi sita, na kushuka hadi mitatu kunawezekana ukiongea kwa adabu:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi, nimetoka Mombasa. Chumba nimekipenda, ila nyumbani watanitumia kwa awamu. Naomba nianze na mitatu."

"Marhaba mwanangu. Mitatu sawa, lakini tuandikishane."

Kuandikishana ni haki yako pia. Karatasi iwe na majina, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji, na sahihi ya shahidi. Kama bei imetajwa kwa dola, omba itajwe kwa shilingi, kwani kanuni za mwaka 2025 zinazuia huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni.

Kabla ya kulipa fungua bomba na uonje maji kwa ncha ya ulimi. Visima vya karibu na ufuo mara nyingi vina chumvi. Vinafaa kufulia, lakini sabuni haitoi povu na chai haina ladha. Uliza kama nyumba ina maji ya DAWASA, mamlaka ya maji, na yanatoka siku zipi. Kisha simama chumbani ufunge mlango, utazame dari. Michirizi ya kahawia pembeni mwa misumari ni mvua inayoingia, na vuli ikifika kitanda hakitakuwa na pa kuhamia.

Sasa mita ya umeme, chanzo cha ugomvi mwingi kati ya wapangaji. LUKU, yaani umeme wa mita hizi, ni ya kulipia kabla: unanunua, unapata tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita. Nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huwa kwenye bei nafuu, na shilingi 1,000 hutoa uniti 8 na kidogo. Nyumba ikizidi hapo huhamishiwa bei ya kawaida, na 1,000 ile ile hutoa uniti zisizofika 3. Sasa fikiria vyumba vitano kwenye mita moja, mmoja ana jiko la umeme. Wote mnalipia jiko lake. Uliza mita ni ya nani, wangapi wanachangia, na kila mmoja ana vitu gani. Na usishtuke ukinunua mara ya kwanza ndani ya mwezi ukapata pungufu: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, hivyo kwenye maandishi yenu sema nani anaibeba.

Plagi ni zile zile za Kenya, za miguu mitatu bapa.

Jumatano: karatasi

Asubuhi nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kitongoji ukiwa na mwenye nyumba au mjumbe wa mtaa. Unaandikishwa, unapewa barua ya ukaazi. Kijana akienda peke yake huambiwa arudi na mwenyeji wake, kwa hiyo mwombe mapema usiku wa kuamkia.

Barua hiyo, barua ya chuo, pasipoti na picha mbili ndizo zinazofungua akaunti benki. Kama nakala zinatakiwa mhuri wa wakili, toa kopi zote steshenari kwa mkupuo mmoja ndipo uende kwa wakili. Anayekwenda na karatasi moja moja hulipia mhuri mara tatu.

Kisha Uhamiaji. Mhuri wa mpakani ni wa mgeni, haukuruhusu kukaa ukisoma mwaka mzima. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana pasi ya mwanafunzi, iliyotokana na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010. Wanafunzi wa kutoka kwingine huangukia kibali cha ukaazi daraja C. Maombi hufanyika kwa mtandao na chuo ndicho kinachokudhamini, kwa hiyo kaa na afisa wa chuo mjaze pamoja. Makosa yanayorudisha maombi ni madogo: jina kwenye cheti cha shule halifanani na la pasipoti, picha imepigwa na simu ikiwa na kivuli, au pasipoti imebakiza miezi michache. Kama majina yanatofautiana hata kwa herufi moja, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili leo hii. Andika siku ya mwisho ya mhuri wako ndani ya daftari la darasani, uione kila siku.

Alhamisi: darasani

Wiki ya kwanza darasani ni ya miguu. Utacheza pekupeku, labda mdundiko wa Wazaramo asubuhi na sindimba ya Wamakonde alasiri, na ngozi ya nyayo haijazoea sakafu. Malengelenge usiyatoboe, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kausha, funika. Maji ya kunywa beba lita moja na nusu, kwa sababu joto la pwani hukausha mtu hata pale upepo wa bahari unapomdanganya kuwa kuna ubaridi.

Mpiga gitaa afute nyuzi kila akimaliza. Hewa ya chumvi hapa hula nyuzi za chuma haraka. Ngoma ya ngozi usibebe kutoka nyumbani: ni zao la mnyama na mpakani itaulizwa kibali.

Ngoma za chuo utazikuta asubuhi zimelegea. Ngozi imekunywa unyevu wa usiku, ukipiga inatoa sauti nzito iliyokufa. Utafundishwa kuipasha: moto mdogo wa makuti makavu, ngoma imeshikwa mbali kidogo na ndimi za moto, ngozi ikielekea motoni, inazungushwa bila kusimama. Kila baada ya muda mfupi gonga kwa kidole pembeni, karibu na ukingo. Sauti hupanda polepole, kisha ghafla huwa kali na fupi. Hapo itoe. Ukisubiri zaidi, ngozi hukaza kupita kiasi na hupasuka, na kuwamba ngozi mpya ni kazi ya siku kadhaa, kuloweka, kunyoa, kuvuta na kukausha kivulini. Mwanafunzi anayefika mapema kusaidia kupasha ngoma hujifunza mambo ambayo hayapo kwenye ratiba.

Ijumaa: mji

Mchana, kuanzia saa sita na nusu hivi, maduka mengi hufunga kwa sala ya Ijumaa. Shida za dukani zimalize asubuhi. Kwenye mitaa ya Mji Mkongwe vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, wa kike na wa kiume.

Alasiri nenda soko la samaki ufukweni. Samaki wakubwa huenda kwa mnada na mafungu madogo huuzwa pembeni: kibua, changu, dagaa. Tazama jicho, liwe limetuna na kung'aa, na ufunue shavu, liwe jekundu. Kama hujapata jiko bado, nunua samaki aliyekaangwa hapo hapo na muhogo. Kaole, penye magofu ya msikiti wa kale, ni kilomita kama tano kusini. Nenda na wenzako, mchana, na kompyuta ibaki chumbani. Ufukweni peke yako baada ya magharibi, hapana.

Kuogelea kunataka maji yamejaa. Ufuo wa Bagamoyo ni mwambao mpana wa tope na mchanga, maji yakipwa huenda mbali sana. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo muda uliofaa leo hautafaa Ijumaa ijayo. Waulize wavuvi.

Jumamosi: kufua na afya

Fua, funga chandarua chako mwenyewe chenye dawa, chemsha maji ya wiki. Ujue na zahanati ya karibu kabla hujaihitaji: inafungwa saa ngapi, inapima malaria kwa kiasi gani.

Hili linawahusu zaidi wanaotoka Nairobi, Nakuru na nyanda za juu, ambao miili yao haijazoea malaria. Mbu aliyekuuma Jumapili ya kufika huenda akakuonyesha kazi yake wiki ya pili au ya tatu, kwani dalili kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa. Wakati huo utakuwa umeshajiona mwenyeji na utasema ni uchovu wa mazoezi. Homa, kichwa, viungo kuuma: pima siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, na usimeze dawa ya rafiki. Ukikutwa nayo na ukapewa dawa mseto, ni dozi sita ndani ya siku tatu, umeze ukiwa umekula. Siku ya pili utajisikia umepona. Dozi zilizobaki uzimalize zote. Na mwambie jirani wa chumba kwamba unaumwa, ili akugongee mlango usiku.